Dodoso la ujasiri kwa vijana: tafsiri peke yake haitoshi

Dada, umeuliza kama dodoso la ujasiri la watafiti Norton na Weiss la mwaka 2009 likishatafsiriwa Kiswahili na kurudishwa Kiingereza ili kuhakiki tafsiri, basi uligawe moja kwa moja kwa kidato cha pili. Bado. Lile lilijaribiwa Marekani kwa wanafunzi wa chuo kikuu wanaoogopa buibui, wakiangaliwa watamsogelea kwa kiasi gani. Hao si watoto wako.

Kabla ya takwimu yoyote, kaa na wanafunzi wachache, mmoja mmoja, kila mtu asome swali kwa sauti na aeleze amelielewaje. Sentensi kama "Nikiogopa jambo, nitalifanya hivyo hivyo" utaulizwa: jambo gani? Kumjibu mwalimu mbele ya darasa? Kuogelea mtoni wakati nyumbani wamekukataza? La pili wengine wataliita utundu tu, na alama zako zitapima ukaidi.

Maswali ya kukanusha, yaani yanayoeleza kinyume cha ujasiri, ndiyo yatakayokusumbua zaidi. "Jambo likinitisha, narudi nyuma", halafu mtoto achague "sikubali kabisa": hapo wengi hupotea. Hata kwa watu wazima, maswali hayo yameonekana kujikusanya upande wao, kana kwamba yanapima kitu kingine. Mimi ningeyaondoa.

Ukipanga kulinganisha wavulana na wasichana, au vijana wako na wa nchi nyingine, hakikisha kwanza muundo wa kipimo ni uleule kwa makundi yote, yaani maswali yanapima kitu kilekile kwa kila kundi. Alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha maswali yanavyoendana) kuwa juu haithibitishi hilo, ingawa tasnifu nyingi huishia hapo.