Ndege ya rimoti na droni si kitu kimoja: jibu kwa dada wa Bamburi

Assalam aleikum wanajamvi.

Dada mleta mada yuko Bamburi, hapa Mombasa. Kijana wake wa miaka 14 amepagawa na ndege ndogo za kurusha kwa rimoti, na mama hajui ampe pesa au amwambie asubiri akue. Mchangiaji mmoja kamjibu kwamba ndege zimepitwa na wakati, anunue droni tu, maana "inajirusha yenyewe". Mwengine kasema hivyo ni vidude vya watoto wa matajiri wa Nyali. Mimi nimezirusha ndege hizi huku pwani miaka sasa, sana sana upande wa Mtwapa kwenda Vipingo, basi nivumilieni, nitaandika kirefu.

Nianze na hilo la droni. Droni za siku hizi zina jairo, kifaa cha kuiweka sawa isiyumbe, na GPS ya kujua ilipo. Ukiachia vijiti vya rimoti inasimama pale pale hewani, inakungoja uamue. Ukitaka picha za harusi au za shamba, nunua hiyo. Ndege yenye mabawa haimngoji mtu. Bawa linabeba kwa kuwa hewa inalipitia kwa kasi. Mwendo ukipungua kupita kiasi, au ukiinua pua mno, hewa inabanduka mgongoni mwa bawa na ndege inadondoka. Kwa hivyo tangu itoke mkononi hadi iguse majani, wewe uko kazini. Kwa hizo dakika nane au kumi huwazi kodi ya nyumba, huwazi bosi, simu ikitetemeka mfukoni huisikii. Anayesema droni ni bora kwa sababu inajirusha yenyewe amenitajia sababu yangu ya kutoitaka.

Na kwa kuwa haingoji, inakulazimisha uujue upepo. Hapa ndipo nilipotekwa mimi. Nimezaliwa Mombasa, nimekua nikisikia kusi na kaskazi kila siku, lakini yalikuwa maneno ya wazee na wavuvi. Siku hizi nayaishi. Kusi ikishika, Juni na Julai, mchana sitoi ndege nyepesi ndani ya boksi, isipokuwa nataka kuchekesha watu: unaielekeza kwenye upepo, unapunguza mota, na inarudi kinyumenyume juu ya vichwa vyenu huku pua imetazama mbele. Kaskazi ni mpole zaidi, na asubuhi za Januari na Februari ndizo tunazozingoja mwaka mzima. Maleleji, upepo unapobadilika, huja na siku tulivu sana, ila za Aprili mara nyingi huliwa na mvua za mwaka.

Tuna mzee mmoja, nahodha mstaafu wa majahazi, hajawahi kugusa rimoti na hataki. Anakuja na kiti chake cha plastiki na chupa ya kahawa. Tukifika uwanjani tunamtazama yeye kwanza. Anaangalia makuti ya minazi, anainua shavu, anasema, "Umande haujesha, ngojeni." Tunangoja. Umande ndio upepo wa kutoka bara; ukishakufa na wa baharini bado haujaingia, kunakuwa na kituo cha utulivu, saa mbili, saa tatu asubuhi, na hapo ndipo hata aliyeanza juzi anaweza kurusha bila kutetemeka. Vijana wana programu za hali ya hewa kwenye simu. Mzee huwa anawaacha wasome kwanza, kisha anasema lake.

Ni yeye aliyenisaidia kuwaeleza wanafunzi jambo linalovunja ndege nyingi kuliko yote. Ndege ikigeuka na kwenda na upepo, ukiwa chini unaiona inakwenda mbio mno. Mwanafunzi anaogopa, anapunguza mota, na ndege inaanguka ingawa macho yake yanamwambia ilikuwa na kasi tele. Mzee akawaambia: mtazameni mtu anayeogelea na mkondo pale mlango wa Mtwapa. Ukipima kwa mikoko ya ufuoni utasema anakimbia, lakini yeye ndani ya maji anapiga mikono ile ile. Ndege nayo imo ndani ya hewa, haijui habari ya ardhi. Tangu siku hiyo sijaweza kulieleza vizuri zaidi.

Kuna na raha ya kuzima mota kabisa. Jua likipanda, ardhi tupu na mapaa ya mabati hupata moto, hewa ya juu yake inapata joto na kupanda. Huioni, lakini mwewe anaijua. Ukimwona anazunguka bila kupiga bawa, peleka ndege yako pale chini yake, zima mota, izungushe kwa duara pana. Ikishika utaiona inainuka yenyewe. Nimewahi kukaa hewani hivyo hadi shingo ikauma, betri karibu haijaguswa, mwewe yuko juu yangu na hanijali. Kunguru ni hadithi nyingine. Hawa kunguru wetu wa Mombasa, wanaojulikana kwa jina la kunguru wa India, wana wivu na kila kiendacho juu, na wakianza kuifuata ndege watakuja kumi. Sijaona wakiiangusha, ila mwanafunzi anapagawa.

Wakati wa kusi wenye moyo huenda hadi Takaungu, kwenye majabali ya Vuma. Upepo wa bahari ukigonga ukuta wa mwamba hauna pa kwenda ila juu, na ndege isiyo na mota hata kidogo inaweza kupanda mkondo huo wa hewa na kwenda na kurudi sambamba na jabali muda wote upepo unapodumu. Mikono tu, bawa na upepo. Kwa anayeanza hapafai. Ikikushinda, ndege ni ya samaki.

Sasa hilo la vidude vya watoto. Mwezi Agosti 2003 Mmarekani Maynard Hill, mzee wa miaka 77 ambaye macho yalikuwa yamefifia sana na masikio ni mazito, alirusha ndege ya mfano aliyoijenga kwa mti wa balsa kutoka Newfoundland, Kanada. Ilivuka Atlantiki yote na kutua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52, karibu na Clifden, kule kule walikotua marubani Alcock na Brown mwaka 1919 katika safari ya kwanza ya ndege kuvuka bahari hiyo bila kusimama. Uzito wake pamoja na mafuta haukufika kilo 5. Katikati ya safari iliongozwa na mitambo yake, lakini kuruka na kutua ni rimoti ya mkononi. Na ukirudi nyuma zaidi, ndugu wawili Wright, wale waliounda ndege ya kwanza ya mota, kitu cha kwanza kuwatia wazimu wa kuruka walipokuwa watoto kilikuwa kidude cha kuchezea cha kuruka kwa nguvu ya mpira, baba yao aliwaletea. Kwa hiyo tusidharau vidude.

La utajiri lina ukweli nusu. Ukiagiza seti iliyokamilika, yenye ndege ya foamu, rimoti, betri na chaja, utatumia dola mia moja hadi mia mbili kabla ya usafiri na ushuru, na hiyo si hela ya kuokota. Lakini ndege yenyewe ndiyo kitu rahisi kuliko vyote mle ndani. Sisi tunajenga. Bodi za foamu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, kisu cha wembe, gundi ya moto, na vijiti vya mishikaki ndani ya bawa ili lisipinde. Maboksi ya samaki nayo yanafaa, ukivumilia harufu. Nyaya analehemu fundi wa simu yeyote mwenye mkono mtulivu. Mota, sevo (vimota vidogo vya kugeuza usukani) na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) unavitoa kwenye ndege iliyovunjika unavitia kwenye mpya, na rimoti nzuri inakaa na wewe ndege baada ya ndege. Kuna kijana wa Kisauni anayekuja na ndege zilizofunikwa kwa karatasi za zawadi za maua maua. Zinachekwa zikiwa chini. Zikiwa juu wanaocheka wananyamaza, maana zinaruka vizuri kuliko za dukani.

Na kujenga kwenyewe ni nusu ya starehe. Unakata bawa usiku, unalitazama kwa mbele kama limejipinda, unatafuta kitovu cha uzito kwa vidole viwili chini ya bawa. Kwa ndege nyingi za kawaida kinatakiwa kiwe robo hadi theluthi ya upana wa bawa, kupima kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukiwa mzito, usirushe, sogeza betri mbele. Kijana wako akifanya haya atakuwa anasoma fizikia bila mtu kumwambia ni fizikia. Na kama ana dada yake, msimwache nyumbani. Warushaji wenye mikono laini niliowaona wengi wao ni wasichana.

Ugumu mkubwa kwa anayeanza ni ndege inapokuja kwako. Ikikupa mgongo, kushoto ni kushoto. Ikigeuka kukutazama, kushoto kwake ni kulia kwako na kidole kinakwenda siko. Litazame bawa lililoshuka, sukuma kijiti upande huo huo unaoliona, litainuka. Alifanyie mazoezi kwenye kompyuta kwanza. Kuna programu za kurusha ndege za kuigiza, na rimoti nyingi zinaunganishwa kwa waya. Mwezi mmoja wa kuanguka kwenye skrini unaokoa pesa nyingi. Ndege ya kwanza iwe na bawa juu ya kiwiliwili na propela nyuma au juu ikiwezekana, ya foamu laini, ya mwendo wa pole. Zile za kivita zenye rangi ya kijeshi atazitaka yeye. Usimnunulie.

Betri ndicho kitu pekee nitakachokuwa mkali nacho. Ni za lithiamu, kila seli volti 3.7, ikijaa 4.2. Zinawaka moto zikichezewa. Chaji juu ya vigae, mbali na kitanda na pazia, na mtu awe macho. Zisiachwe kwenye gari, kwa jua hili letu. Zikikaa siku nyingi zibaki na volti 3.8 kila seli, wala si kujazwa. Iliyovimba haitumiki tena hata kama inawasha ndege. Hewani tega saa ya rimoti ilie mapema, utue na akiba ya kurudia zamu nyingine endapo mbuzi ameingia uwanjani.

Wapi arushe? Kisiwani hapana, Changamwe na Port Reitz hapana kabisa, uwanja wa ndege wa Moi uko pale. Likoni upande wa Mtongwe kuna jeshi la majini. Ufukweni watu wanapapenda, lakini pale ufuo wa Pirates Jumapili kuna watoto, wageni na ngamia, na mchanga na chumvi vinakula mota na sevo. Unataka shamba lililo wazi, mwenyewe ameridhia, mbali na nyumba na nyaya za umeme. Halafu kuna sheria. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani, na mwenye neno ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Nenda ukawaulize kabla hujaagiza chochote kutoka ng'ambo, maana kifurushi kikishakamatwa forodhani maelezo yanakuwa marefu. Na kwa urefu usivuke futi 400, mita 120 hivi. Juu ya hapo hata ndege yenyewe huioni sawasawa.

Ukiniuliza mimi napenda nini zaidi, nitasema kutua. Mizunguko na pinduapindua mtu anachoka nayo. Kutua sijachoka. Unaileta kinyume na upepo, unazima mota, unaiacha ishuke yenyewe, na karibu na majani unavuta kijiti kidogo kidogo, kidogo kidogo, hadi bawa limalize kazi yake palepale magurudumu yanapogusa. Ukivuta mapema inaruka tena na kudondoka. Ukichelewa inachimba. Mzee wa kiti cha plastiki hapigi makofi kwa kitu chochote, ila ndege ikitua hivyo husema "ahaa" na kumimina kahawa.

Kwa hiyo dada, jibu langu ni mpe, lakini usianze na dukani. Mlete kwanza siku ya Jumamosi asubuhi, mapema, kabla jua halijapanda. Nitumie ujumbe humu humu nikueleze tunapokutana. Tutamshikisha rimoti ya pili iliyounganishwa na ya mwalimu, akikosea mwalimu anachukua ndege, na mwisho wa asubuhi utajua mwenyewe kama ni hamu ya wiki moja au la. Aje na kofia, maji, na viatu vilivyofungwa. Shamba lina mbigili.