Maswali yenu: mstari usiofungwa

Swali: Mambo mhariri, naangalia picha za vyungu vya zamani vya Wapueblo, wenyeji wa asili wa New Mexico kule Marekani, ule mstari mweusi wa shingoni umeachwa na kapengo, mchoraji alipitiwa au? Na kale kamshale ndani ya kulungu aliyechorwa ni ka nini?

Jibu: Hajapitiwa bana, kapengo ni makusudi kabisa, wafinyanzi wengi walieleza kwamba ukiufunga mstari ni kama umefunga na maisha yako mwenyewe, ingawa sio kila kijiji kilifuata hivyo. Kamshale ni mambo ya kijiji cha Zuni hasa, kanaanzia mdomoni kanaenda moyoni, ndo njia ya pumzi, uhai wenyewe. Kijiji cha Zia wao utawajua kwa ndege, kile cha Acoma kwa vistari vyembamba mpaka unajiuliza mkono ulitulia vipi, maana brashi ilikuwa jani la yuka, mmea wa majani marefu yenye nyuzi, limetafunwa ncha likabaki nyuzi tu! Rangi nyeusi wengi walichemsha mmea mpaka ukawa uji mzito, nyekundu ni udongo wenye chuma. Mimi binafsi kulungu wa Zuni ndo kiboko yao.