Oskileta mbili zikiunganishwa, noti zinashuka: kosa liko wapi?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimejenga oskileta (moduli inayotoa wimbi la sauti) ya Eurorack, mfumo wa sinthesaiza za moduli, kutoka kwenye seti ya vipuri, ile yenye chipu ya AS3340. Nilikaa nayo siku mbili nikiityuni hadi ikatulia oktavu tano nzima. Wiki iliyofuata nikajenga ya pili kutoka seti ileile. Tangu niziunganishe zote mbili kwenye sikwensa, mashine inayotuma noti kwa volti, kupitia moduli ya kugawia, ile ya jeki tupu zisizotumia umeme, zote zinashuka, hasa noti za juu. Nikichomoa moja, iliyobaki inarudi mahali pake. Je, niagize chipu nyingine? Pia nobu ya kutyuni ni kali mno, nikiigusa kidogo noti inaruka. La mwisho, nataka oskileta moja niweze kuifanya iende polepole sana ili iongoze filta, bila kuiharibu. Inawezekana?

Jibu: Usiagize chipu. Chipu zako ni nzima, na lehemu yako nina imani nayo pia, kwa sababu oskileta yenye kiungo kibovu haitulii oktavu tano. Umetaja jambo moja ambalo limenipunguzia kazi ya kutafuta: ukichomoa moja, nyingine inarudi. Hapo tunajua kosa halimo ndani ya oskileta yoyote. Limo njiani, baina ya sikwensa na oskileta, na ni kosa la hesabu ya rizista tu.

Katika Eurorack volti moja ni oktavu moja. Oktavu ina nusu toni 12, kila nusu toni ina senti 100, kwa hiyo volti moja ni senti 1,200. Maana yake senti moja ni kama milivolti 0.83. Sikio la mwanamuziki linasikia kasoro ya senti tano bila shida noti mbili zikilia pamoja. Hizo ni milivolti nne. Saketi nyingine za umeme hazitajali ukipoteza milivolti nne, ila hii inazipiga kelele chumbani.

Sasa tazama njia inayopita volti zako. Sikwensa nyingi zina rizista ya kiloohmu 1 kabla tu ya jeki ya kutokea, kuilinda op-ampu (chipu ya kukuza volti) pale waya unapogusana na kitu kisichostahili. Upande wa pili, jeki ya kuingilia ya oskileta yako ina rizista ya kiloohmu 100. Rizista hizo mbili zinagawana volti: oskileta inapata 100 kwa 101, asilimia moja inapotea. Ukichomeka ya pili kwa jeki ya kugawa, kiloohmu 100 mbili zilizo sambamba zinakuwa 50, na sasa kila oskileta inapata 50 kwa 51. Hasara imekaribia asilimia mbili.

Usiniamini kwa maneno, chukua mita upime. Weka sikwensa itoe volti 4.000 ikiwa haijaunganishwa na chochote. Chomeka oskileta moja, pima kwenye jeki ya kugawa: utaona karibu 3.960. Chomeka ya pili: 3.922 hivi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili vya mwisho ni milivolti 38 au 39, yaani senti 46 na ushee, karibu robo toni. Chini kabisa ya kinanda tofauti haisikiki kwa sababu asilimia moja ya volti chache ni kidogo mno. Ndiyo maana noti za juu ndizo zinazokuudhi. Mita ya kawaida ina ukinzani wa megaohmu 10, kwa hiyo yenyewe haitaharibu kipimo.

Dawa yake ni bafa, yaani saketi inayonakili volti bila kunyonya mkondo. Zipo seti za moduli ya kugawia yenye bafa, lakini wewe umeshajenga oskileta mbili, hii utaimaliza jioni moja kwenye kipande cha bodi ya matundu. Chukua TL074, ndani yake mna op-ampu nne. Volti za sikwensa ziingie kwenye mguu chanya wa kila moja, na kila moja iwe na jeki yake ya kutokea. Mguu chanya wa TL074 haunywi mkondo wa kuhesabika, kwa hiyo ile kiloohmu 1 ya sikwensa haina tena cha kupoteza. Weka rizista ya kiloohmu 100 kutoka kwenye jeki ya kuingilia kwenda graundi, op-ampu isibaki ikielea usipochomeka kitu. Hapo tumerudisha ile hasara ya asilimia moja kwa makusudi? Ndiyo, ukitumia kiloohmu 100. Basi tumia megaohmu 1, hasara inabaki sehemu moja kwa elfu, na haibadiliki hata ukichomeka oskileta ngapi.

Kuna kipengele kimoja ambacho ndicho roho ya kazi hii, nacho wengi hukikosea. Bafa yako pia inahitaji rizista ya kulinda ya kiloohmu 1 kwenye jeki ya kutokea. Ukiiweka kizembe, umerudia kosa lilelile hatua moja mbele. Mahali pake ni ndani ya mzunguko wa marejesho: kutoka mguu wa kutokea wa op-ampu pita kwenye kiloohmu 1, fika jeki, na *hapo kwenye jeki* ndipo uchukue waya wa kurudi mguu hasi, kupitia rizista ya kiloohmu 10. Sasa op-ampu inatazama volti zilizofika kwenye jeki, si zile zilizotoka mdomoni mwake, na inaongeza kiasi kinachopotea njiani. Ongeza kapasita ya pikofaradi 100 kutoka mguu wa kutokea moja kwa moja hadi mguu hasi, ili waya mrefu usiifanye op-ampu itetemeke. Na usisahau kapasita za nanofaradi 100, moja kwa kila upande wa umeme, zikae karibu kabisa na chipu.

TL074 ina kasoro yake ndogo: inaweza kuongeza au kupunguza milivolti chache kwenye kila njia. Hiyo isikutie wasiwasi. Kasoro isiyobadilika inasogeza noti zote kwa kipimo kimoja, na nobu ya kutyuni inaimaliza. Adui wa oskileta ni kasoro inayokua kadiri noti zinavyopanda.

Kabla ya kuwasha moduli yoyote mpya, pima ukinzani baina ya +12 na graundi, -12 na graundi, kisha +12 na -12. Mita ikilia kuonyesha zimegusana, tafuta tone la lehemu kabla ya kingine chochote. Halafu mstari mwekundu wa waya bapa uende upande wa -12. Niliwahi kuchomeka waya wa pini 10 kinyume kwenye moduli isiyo na dayodi za kulinda, na sekunde mbili zilitosha kuua chipu zote tatu. Tangu siku hiyo naandika "-12" kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila bodi ninayoijenga, hata kama imeshachapishwa.

Bafa ikishafanya kazi, oskileta zako zitakuwa *juu* kiasi cha senti 11 kwa kila oktavu. Usishtuke. Ulipozityuni mara ya kwanza zilikuwa zikipokea asilimia 99 ya volti, nawe ukazungusha trima, ile skrubu ndogo ya kurekebisha iliyo kwenye bodi, kufidia. Sasa zinapokea karibu zote, kwa hiyo inabidi kuanza upya, na safari hii hazitahama.

Washa mashine uiache nusu saa ikiwa imefungwa kwenye sanduku lake kama inavyopigwa kila siku. AS3340 inafuata nyayo za CEM3340 ya Doug Curtis, chipu iliyomo kwenye Roland SH-101, na ina fidia ya joto ndani yake, lakini vipuri vinavyoizunguka bado vinahitaji kutulia. Ukityuni bodi ikiwa mezani wazi kisha ukaifungia sandukuni, umetyuni mashine nyingine.

Toa volti ya chini, tyuni hadi hetzi 110. Panda volti moja, unataka 220. Ikisoma 223, nafasi ya oktavu ni pana mno: rudisha trima ya skeli kidogo. Ukiigusa trima, na ile noti ya chini inasogea, kwa hiyo rudi chini, irudishe 110 kwa nobu, panda tena. Hii ni kazi ya kwenda na kurudi, mara sita au saba, na haina njia ya mkato. Oktavu moja ikikaa, jaribu mbili, kisha tatu, yaani 880. Ishia hapo kwanza.

Noti za juu zaidi zina ugonjwa wao wenyewe, na kuzichanganya na skeli ndiko kulikokula siku zako mbili. Kila mzunguko wa wimbi, saketi inatumia muda mfupi kugeuza kapasita kutoka kujaa kwenda kupungua. Tuseme muda huo ni mikrosekunde moja. Kwenye hetzi 100, mzunguko mzima ni mikrosekunde 10,000, hiyo moja haionekani. Kwenye hetzi 5,000 mzunguko ni mikrosekunde 200, na ile moja ni nusu ya asilimia, karibu senti tisa chini. Hakuna trima ya skeli inayoweza kutibu hilo bila kuharibu oktavu za chini. Ndiyo sababu ya trima ya pili, ya sauti za juu. Iguse mwisho kabisa, ukiwa oktavu ya tano au ya sita, skeli ikiwa imeshakaa.

Kama noti bado zinatangatanga baada ya nusu saa, safisha bodi kwa pombe ya isopropili na mswaki laini, hasa kuzunguka chipu. Mabaki ya utomvu wa lehemu hupitisha mkondo mdogo sana, na oskileta hii inaishi kwa mikondo midogo sana. Kisha tazama kapasita ya nanofaradi 1 inayoendesha wimbi. Iwe ya seramiki aina ya C0G au ya polistairini. Ukikuta X7R, itoe: thamani yake inacheza na joto.

Kuhusu nobu kali, jibu ni rizista moja. Katika seti nyingi potenshomita ya kutyuni imekaa baina ya +12 na -12, na mguu wake wa kati unapita kwenye rizista kabla ya kufika kwenye mguu wa chipu unaojumlisha volti zote. Kiloohmu 100 hapo maana yake volti moja ni oktavu moja, na nobu inatembea oktavu 24 kwa mzunguko mmoja usiokamilika. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuituliza. Ibadilishe iwe kiloohmu 470, utabaki na oktavu mbili na nusu kila upande. Halafu kama paneli ina nafasi, ongeza nobu ya pili, potenshomita ya kiloohmu 100 ya aina ya B, kupitia rizista ya megaohmu 4.7. Hiyo itasogea nusu toni tatu tu kila upande, na mkono wako utaipenda. Ng'oa bodi kabla ya kutoboa paneli. Unga wa alumini ukiingia chini ya chipu utakutesa miezi.

Na oskileta ya kwenda polepole inawezekana, tena bila kukata chochote. Mwendo unategemea ile kapasita: ukiiongeza mara mia, mwendo unapungua mara mia. Weka kapasita ya filamu ya nanofaradi 100 sambamba na ile ya nanofaradi 1, kupitia swichi ndogo. Hetzi 440 itashuka hadi kama 4.4, mwendo mzuri wa kutikisa filta, na ukishusha nobu utapata mawimbi ya sekunde kadhaa. Kapasita mpya uilehemu karibu kabisa na mguu wa chipu, na swichi ikae upande wa graundi. Ukifanya kinyume, waya mrefu wa swichi unakuwa antena na utasikia mngurumo wa umeme wa ukutani kila unapoukaribia.

Waya huo, hata swichi ikiwa wazi, utaongeza pikofaradi chache, na pikofaradi kumi juu ya nanofaradi moja ni senti 17 chini. Kwa hiyo weka swichi kwanza, kisha ndipo ukae na trima.