Maswali ya wasomaji: Walimu wa saikolojia na safari za makongamano

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa walimu wa saikolojia wanaotaka kwenda kwenye mikutano ya kimataifa. Mliouliza "nitapataje ufadhili kamili" bila kusema mnakwenda kuwasilisha nini, ruka mpaka jibu la tatu kwanza.

Hivi kuna kongamano la walimu wa saikolojia peke yao, au yote ni ya watafiti? (Mhadhiri msaidizi, Dodoma)

Yapo. Marekani kuna NITOP, mkutano wa kitaifa wa ufundishaji wa saikolojia, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukifanyika Florida mwezi Januari. Kuna pia chama cha ufundishaji wa saikolojia, yaani Divisheni ya 2 ya APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani), chenye mkutano wake wa kila mwaka na jarida linalotoka tangu 1974. Huko hawakuulizi umegundua nini kwenye ubongo. Wanakuuliza unafundishaje takwimu kwa darasa la watu 300 wanaoogopa hesabu. Lile kubwa, Kongamano la Kimataifa la Saikolojia, lilianza Paris 1889 na sasa hufanyika kila baada ya miaka 4. Mwaka 2024 lilikuwa Prague, na linalofuata ni Melbourne 2028. Humo ufundishaji ni kipande tu cha ratiba. Lilichukua miaka 123 kukanyaga Afrika, Cape Town, 2012, kwa hiyo msikae mkisubiri lije tena.

Kabla ya kuhangaika na nauli, ingia kwenye tovuti ya hicho chama cha ufundishaji cha Marekani. Silabasi, mazoezi ya darasani na hata vitabu vizima vimewekwa bure. Wengi wanaolilia viza hawajawahi kuvifungua.

Nimealikwa kwa baruapepe niwe mzungumzaji mkuu kwenye kongamano la "saikolojia, uuguzi na teknolojia ya chakula" Dubai. Natakiwa kulipa dola 699. Ni la kweli? (Msomaji, Eldoret)

Futa. Swali hili nimelijibu hapa mpaka nimechoka. Mzungumzaji mkuu hulipiwa, halipi. Ikisiri ikikubaliwa usiku uleule uliyoituma, ujue hakuna aliyeisoma. Tafuta majina ya kamati, uwaandikie wawili watatu kupitia anwani za vyuo vyao. Wengine watashangaa kusikia kwamba wamo. Na nyie wakuu wa idara mnaopandisha watu vyeo kwa kuhesabu vyeti vya ushiriki, matapeli hawa mnawalisha nyie.

Shikamoo Mwalimu. Chuo chetu hakina maabara ya saikolojia, na kompyuta ni za kugombania. Mtu kama mimi atawasilisha nini mbele ya Wazungu? (Mkufunzi wa chuo cha ualimu, Mbeya)

Marahaba. Fungua kitabu chochote cha saikolojia ya makuzi, sura ya mtoto mchanga na mama yake. Utamkuta Mary Ainsworth, mtafiti wa jinsi mtoto anavyoshikamana na mama yake, na chumba chake cha majaribio kule Baltimore, Marekani. Jambo ambalo vitabu vingi hulimaliza kwa sentensi moja ni kwamba kazi ile aliianzia Uganda, mwaka 1954, kwenye vijiji vya jirani na Kampala. Maabara hakuwa nayo. Alikuwa akienda mchana na mkalimani kwenye familia 26, anakaribishwa sebuleni kama mgeni yeyote, anakaa saa mbili akiandika: mtoto analia nani akitoka, anamfuata nani kwa macho, akishatambaa mbali anamrudia nani. Kitabu chake kilitoka 1967. Baltimore ilikuja baadaye, lakini wanafunzi wetu wanakariri Baltimore.

Si yeye peke yake. Mtafiti Charles Super alikaa Kokwet, Kenya, kwa Wakipsigis, akachapisha 1976 kwamba watoto wa pale huketi na kutembea mapema kwa sababu mama zao wanawafundisha makusudi. Wanachimba kishimo, wanakitandika blanketi, mtoto anaketishwa humo akiwa ameegemezwa. Kutambaa, ambako hawafundishwi, hakuji mapema. Kule Usenge, magharibi mwa Kenya, Sternberg na wenzake, akiwemo Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto wa Kijaluo waliojua zaidi dawa za mitishamba walielekea kupata alama za chini kwenye majaribio ya msamiati. Hebu wape wanafunzi wako matokeo hayo waamue nani ana akili. Kipindi hakitatosha.

Kwa hiyo usiende kuomba radhi kwa kukosa maabara. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu majarida makubwa ya APA akakuta 68% ya waliochunguzwa ni Wamarekani, na 96% wametoka nchi za Magharibi na nyingine zilizoendelea kwa viwanda. Waandaaji wa mikutano wanaijua aibu hiyo. Chukua zoezi moja la kitabuni, lifanye na darasa lako, andika mahali lilipokwama na kwa nini. Hiyo ni mada tayari. Ila ukigusa watoto, pata kwanza ridhaa ya wazazi na kibali cha maadili, na usijaze kwenye slaidi picha za watoto wa kijijini wasio na viatu. Nimeziona za kutosha, na waliozionyesha ni wenzetu.

Nataka kuwasilisha mada ya mitindo ya kujifunza: wanaojifunza kwa kuona, kwa kusikia na kwa kutenda. Inafaa? (Nakuru)

Haifai. Pashler na wenzake walipekua ushahidi mwaka 2008 wakakuta hautoshi kuhalalisha kuwapanga wanafunzi hivyo. Nenda ukaeleze ulivyoyaondoa hayo kwenye notisi za chuo chako. Chumba kitajaa.

Bado tufundishe kisa cha Kitty Genovese? (Morogoro)

Ndiyo, lakini kwa sababu nyingine. Aliuawa New York 1964, na gazeti likaandika kwamba mashahidi 38 walitazama tu. Manning na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba ushahidi hauungi mkono hadithi hiyo, ilhali vitabu viliendelea kuinakili. Wafundishe wanafunzi jinsi vitabu vinavyonakiliana. Wao wenyewe wataielewa haraka.

Nimenyimwa viza mara ya pili. Nifanyeje? (Wasomaji kadhaa)

Viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, inaruhusiwa kuombwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Nyie mnakwenda wiki tatu kabla, barua ya mwajiri haina mhuri, halafu mnamlaumu balozi. Kunyimwa kwa uonevu kupo pia, na waandaaji wanapaswa kulisikia: waandikieni, muombe kuwasilisha kwa video.

Bango nichapishe kwenye karatasi au kitambaa? (Zanzibar)

Kitambaa. Unalikunja, unalitia kwenye begi la mkononi, na mvua hailiharibu. Maneno yasizidi 300, herufi zisomeke kwa mtu aliyesimama hatua tatu. Nembo moja inatosha. Na weka anwani ya baruapepe unayoifungua kweli.