Jalada la jarida la filamu kwa mradi wa chuo: anza na picha

Mkuu, umesema mradi wenu ni trela, bango na jalada la jarida la filamu, na unataka kutoa fremu kwenye trela iwe picha ya jalada. Usijaribu. Fremu ya Full HD ni pikseli 1920 kwa 1080, tena imelala. Ukiikata isimame kwa umbo la A4 unabaki na 764 kwa 1080, yaani nukta 92 hivi kwa inchi, wakati uchapaji unataka 300. Hata 4K inaishia kama 185. Kwenye simu itapendeza, kwenye karatasi itakuwa ukungu.

Mpige mhusika picha mpya, akiwa na mavazi na zana zake za kwenye filamu. Simu ya megapikseli 12 inatosha (3000 kwa 4000), kwa sababu unahitaji 2551 kwa 3579: hiyo ni A4 pamoja na milimita 3 za ziada kila upande, zitakazokatwa. Nafasi ya kupunguza ni ndogo, kwa hiyo panga kabla ya kubofya. Simama umbali wa mita moja hivi. Ukimkaribia zaidi ya hapo lenzi pana ya simu inamkuza pua. Robo ya juu iache tupu, iingie utosi wake tu, na msogeze kidogo upande mmoja ili maandishi yapate pa kukaa. Asivae kitenge cha maua makubwa! Jina la filamu litakaa kifuani, na herufi nyeupe juu ya maua hazisomeki hata uziwekee kivuli. Picha ikipitia WhatsApp, itumwe kama dokumenti, la sivyo inabanwa.

Jina la jarida liwe na herufi 4 hadi 6. Likiwa refu, herufi zinalazimika kuwa nyembamba au ndogo ili zienee kwenye milimita 210. Kichwa cha mhusika kikipita mbele ya jina jalada linapata kina: kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, nakili leya (tabaka) ya picha, jina likae katikati ya leya mbili, kisha leya ya juu iwekee maski, yaani kifuniko kinachoficha usichotaka, ibaki kichwa tu. Nywele ndizo zinazoumbua watu. Ukimpiga mbele ya ukuta mweupe halafu ukaweka mandhari meusi, afro itabaki na mstari mweupe pembeni. Mpige mbele ya rangi inayokaribiana na mandhari utakayotumia. Funika nusu ya chini ya herufi moja au mbili tu, maana jicho husoma zaidi nusu ya juu. Empire, jarida la filamu la Uingereza lililoanza 1989, linaweza kuficha zaidi kwa kuwa wasomaji wake wanalijua tayari. Jarida lako halina bahati hiyo.

Maandishi: fonti mbili, rangi tatu, moja ikichotwa kwenye picha yenyewe. Jina la filamu pointi 60 hadi 80, na kwa mwandiko uleule wa kwenye bango na trela. Hapa wengi hupoteza alama, kila kazi inakuwa na sura yake. Vidokezo vya habari za ndani vinne au vitano, pointi 16 hadi 20, vikae milimita 10 kutoka ukingoni. Barkodi ni takriban milimita 37 kwa 26, kwenye kisanduku cheupe, pamoja na bei, mwezi na namba ya toleo.

Steshenari usipeleke faili la kazi. Kompyuta yao isipokuwa na fonti zako itaweka nyingine bila kukuuliza. Peleka PDF yenye fonti ndani yake, Scribus, programu ya kupanga kurasa, inaitoa bure na kwa CMYK, yaani rangi nne za uchapaji. Printa nyingi za ofisini haziprinti hadi ukingoni, kwa hiyo printi kwenye A3 ya kung'aa, gramu 150 hadi 170, kisha kata. Kabla ya hapo ng'arisha kidogo sehemu za giza, hasa uso wa mtu mweusi aliyepigwa kwenye mwanga hafifu. Karatasi haina taa nyuma yake kama kioo cha simu.