Asilimia 85 ya nani? Kwa wazazi wenye watoto wanaotaka udaktari hapa Marekani

Ikifika Machi na Aprili, majibu ya vyuo yakianza kutoka, simu yangu haitulii. Mtoto kapata vyuo viwili vitatu, anataka udaktari, na swali ni lile lile, kipi kinaingiza wengi skuli ya udaktari? Juzi baba mmoja kaniambia chuo kimoja kimemtajia kwamba asilimia 85 wanaingia, cha jimbo lao 50 tu, si bora tukope aende cha 85?

Jamani, mi nilisoma chuo cha namna hiyo.

Hapa skuli ya udaktari inakuja baada ya digrii ya kwanza, na primedi yenyewe siyo digrii, ni masomo tu ya lazima, baiolojia, kemia, ile oganiki, fizikia na maabara zake, digrii yako inaweza kuwa hata ya historia. Kitaifa wanaoomba skuli za MD, yaani digrii ya udaktari, ni zaidi ya elfu 50 kwa mwaka na wanaoingia ni kama elfu 23, haifiki nusu. Sasa wao hiyo 85 wameitoa wapi?

Siku ya kwanza sisi wa primedi tuliujaza ukumbi mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Oganiki ikaondoka na wengi, mwaka wa tatu kwenye baiokemia unachagua kiti unachotaka. Halafu ikaja kamati, maana vyuo vingine vina kamati inayokuandikia barua ya kukupendekeza. Mama mshauri akaweka matokeo yangu mezani, akaizungushia duara ile C+ ya oganiki kwa peni ya kijani, akaniambia kwa upole kabisa, mwaka huu kamati haitakuandikia. Sikuomba. Kwa hiyo kwenye asilimia yao mimi simo, na wale wa kwenye ngazi hawamo.

Nililia sana, siwafichi. Nikafanya kazi ya kuhudumia wazee miaka miwili, jioni narudia masomo chuo cha jimbo, darasa dogo, mwalimu ananijua kwa jina, nikafanya MCAT, ule mtihani wa kuombea skuli ya udaktari, nikaingia.

Kwa hiyo ulizeni walioanza mwaka wa kwanza walikuwa wangapi na walioomba wangapi, kamati inamnyima nani barua, na waliopata baada ya kuomba mara ya pili wamehesabiwa vipi. Walioingia GPA yao, yaani wastani wa alama za chuo, inakaribia 3.8 na MCAT ni kama 511 au 512 kati ya 528, na skuli haikuongezei GPA kwa sababu chuo chako kina jina. Skuli nyingi za majimbo zinawapa kipaumbele wakazi wa jimbo, hilo nalo lihesabuni kabla ya kuhama. Na kama mtoto hana grinikadi, anzeni na hilo kabla ya yote, skuli nyingi hazimpokei kabisa na nyingine zinataka ada ya miaka yote minne iwekwe benki mapema.

Vyuo vingi vinataka jibu na malipo ya kushika nafasi kufikia Mei 1. Pigeni simu wiki hii, na aulize mtoto mwenyewe.