Kambale wa Mbarali huenda wapi mwezi wa sita?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Rujewa, wilaya ya Mbarali, na navua kambale kwa ndoano kama kazi ya ziada. Kuanzia mvua za Desemba mpaka Machi sikosi kitoweo, na cha kuuza kinabaki. Ikifika Juni mpaka Agosti, palepale mtoni, nakesha na baridi bila kuguswa. Nimebadilisha chambo: minyoo, maini, utumbo wa kuku, na sasa kuna mtu kaniambia nijaribu sabuni. Hao wachache wanaonasa nao wanakata mshipi karibu kabisa na ndoano. Nitumie chambo gani? Na je, miezi hiyo nikienda Mtera au Kyela nitapata? La mwisho, wateja wangu wanataka kambale hai. Nimsafirisheje?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Chambo chako hakina kosa. Umempa vyakula vitatu tofauti samaki ambaye ama hayupo pale unapotupa, ama yupo lakini hana njaa. Minyoo ileile uliyovulia Januari ingekupa samaki Juni kama ungeitupa mahali pengine na saa nyingine.

Joto la mwili wa kambale ni lile la maji aliyomo. Maji yakiwa na nyuzi 25 mpaka 30 za Selsiasi anazunguka na kula karibu kila kinachoingia mdomoni: wadudu, konokono, vyura, samaki wadogo, punje za mpunga, hata mzoga. Yakishuka chini ya nyuzi 20 ulaji wake unapungua sana, na shibe ya leo inaweza kumfikisha mbali. Sasa itazame mito yenu. Mbarali, Kimani na Chimala inateremka kutoka safu za Kipengere na Uporoto, ambako Juni na Julai usiku baridi inaunguza majani ya viazi. Maji hayo yakifika bonde la Usangu bado ni ya baridi, hasa katikati ya mkondo. Na wewe unakesha mpaka alfajiri, yaani unasubiri saa ambazo maji yanapoa kuliko saa nyingine zote.

Wakati wa mvua hali ni tofauti kabisa. Mto unafurika, maji yanatambaa mbugani na kwenye majaruba ya mpunga, yanakuwa haba kina, ya vuguvugu, machafu na yenye chakula tele. Kambale wanauacha mto usiku na kupanda huko kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji mapya. Jike la kilo 1 hubeba mayai makumi ya maelfu. Mayai yananata kwenye majani, na maji yakiwa na joto yanaanguliwa kabla ya siku mbili kwisha. Wazazi hawakai kulinda, wanaondoka zao. Kwa hiyo Januari unavua samaki aliye safarini, anakufuata mwenyewe hadi ulipokaa. Hapo nina ugomvi na wenzako wanaoziba mfereji mzima kwa wavu wakati kambale wanapanda na matumbo yamejaa mayai, halafu Julai wanalalamika kwamba samaki wameisha.

Basi Juni usianze na ndoano. Nenda mchana, mikono mitupu, utafute maji ya vuguvugu.

Mahali pa kwanza ningepatazama ni midomo ya mitaro ya kutolea maji mashambani. Wakulima wanapofungua majaruba ili mpunga ukauke kabla ya kuvuna, maji yale yamekaa juani siku nyingi, na yanatoka na wadudu, minyoo, viluwiluwi na vidagaa. Pale mtaro unapoingia mtoni kambale husogea na kukaa, mara nyingi kwenye kina cha magoti tu, kichwa kikielekea mtaro. Mtu aliyezoea kutupa ndoano mbali katikati ya mto anampita juu kwa juu. Ongea na watu wa skimu ya umwagiliaji, wanajua siku gani shamba gani linafunguliwa. Ufunguzi ukipita na mtaro ukikauka, hamia kwenye madimbwi yaliyokatika na mto na kwenye kona ambazo maji yamesimama, zenye matete upande mmoja na jua la alasiri upande wa pili. Kambale anataka joto, lakini maji yakiwa maangavu kama yalivyo kiangazi hataki kuonekana, kwa hiyo uvungu wa mizizi karibu na maji ya vuguvugu ndio kwake.

Usiamini macho peke yake. Nunua kipimajoto cha maji, kile wanachotumia wafugaji wa samaki. Kifunge kwenye mshipi pamoja na kipande cha risasi, kizamishe mpaka chini, kiache dakika 5, ukivute haraka na kusoma papo hapo. Pima katikati ya mkondo, kisha pima dimbwi la pembeni, yote ifikapo saa 10 jioni. Ukikuta dimbwi limezidi kwa nyuzi 3 au 4, usihangaike na mkondo siku hiyo.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama, nacho ni pumzi yake. Kambale ana matamvua kama samaki wengine, lakini juu ya matamvua, ndani ya kichwa, ana viungo vyenye matawi matawi na damu nyingi ambavyo vinamwezesha kuvuta hewa ya juu. Ndiyo maana anavumilia tope ambalo perege angekufa mara moja. Keti kimya ukingoni jua linapotua. Utaona maji yanavimba kidogo, pua pana inagusa uso wa maji, kisha anazama na nyuma yake vinapanda viputo vichache. Ukiyaona hayo mara kwa mara mahali pamoja, kuna samaki, na mwili wake unafanya kazi. Maji yakiwa ya baridi anapanda kwa nadra, kwa sababu matumizi yake ya hewa yamepungua sawasawa na njaa yake. Dimbwi ambalo umelitazama kwa saa nzima bila kuona hata mmoja akipumua, nakushauri uliache.

Kuhusu saa: miezi ya mvua endelea na usiku wako kama kawaida. Juni mpaka Agosti, shusha ndoano saa 10 jioni na uzitoe saa 2 au saa 3 usiku. Baada ya hapo nenda ukalale.

Sasa chambo, kwa kuwa najua usipojibiwa hutatulia. Kambale ana macho madogo na ndevu nane zilizojaa vionjeo, anatafuta kwa kuonja maji na kupapasa chini. Msimu wa baridi mimi napendelea minyoo, na kidogo, minyoo miwili au mitatu kwenye ndoano ndogo kuliko ile ya masika. Donge kubwa la utumbo ni la samaki mwenye njaa. Sabuni si uongo. Wavuvi wa ndoano nyingi katika maziwa mbalimbali wanaitumia kwa kambale, kipande cha sabuni ya mche isiyo na manukato, kwa sababu ya mafuta yaliyomo na kwa sababu vidagaa hawaidonoi. Inafaa ndoano zinazolala usiku kucha kwenye maji ya joto. Kwa mtu anayekaa na mshipi mkononi kwa saa nne, Julai, Rujewa, ni kupoteza sabuni.

Mshipi kukatika karibu na ndoano kuna sababu mbili zinazofanya kazi pamoja. Ndani ya mdomo wa kambale, juu na chini, kuna ukanda wa vijino vidogo vidogo vinavyokwaruza kama msasa. Haviumi, vinasugua. Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja ukisuguliwa hapo kwa dakika chache unakuwa na vinyweleo na kupoteza nguvu. Halafu samaki akifika karibu na ukingo anajiviringisha, mshipi unasokoteka, unakatikia palepale palipochunika. Ukipitisha kidole kwenye sentimita za mwisho za mshipi uliokatika utauhisi mparuzo wenyewe. Dawa yake ni kuweka uzi wa kusuka wa nailoni, urefu wa sentimita 25 hivi, kati ya ndoano na mshipi, na kuunganisha kwa kile kichuma kinachojizungusha chenye pete mbili. Mshipi wenyewe uwe wa milimita 0.5 au 0.6. Kila unapompata samaki, kagua uzi huo, na ukiona umechakaa ukate ufunge upya.

Na usivute kwa pupa. Kichwa cha kambale ni mfupa mtupu, ndoano butu inateleza juu yake. Inoe kwa tupa ndogo mpaka ikikwaruza ukucha inashika badala ya kuteleza. Akigusa, ndevu ndizo zinazogusa kwanza. Mwache achukue na kuanza kuondoka, kisha kaza mshipi taratibu bila kuurusha mkono juu. Ndoano itaingia yenyewe kwenye pembe ya mdomo.

Umkamate kwa kitambaa chenye maji, nyuma ya mapezi ya kifuani. Kila pezi lina mwiba wenye meno kama msumeno, na akiogopa anaukaza ukasimama. Jeraha lake linachimba na kuingiza uchafu, lioshe hapohapo kwa sabuni na maji safi, si maji ya mfereji. Tukiwa kwenye mfereji: vaa mabuti marefu, maana mifereji ya mpunga ina konokono wa kichocho, na mtoni usisimame ndani ya maji giza likiingia, mamba na viboko hawana msimu. Samaki unaowakuta wanaelea baada ya mashamba kupuliziwa dawa usiwaguse, wala kuwauza.

Kwenye madimbwi ya kiangazi utakutana pia na watu wenye migono (mitego ya kusukwa), timba (nyavu zilizounganishwa juu na chini), kokoro (wavu wa kukokota) na wakati mwingine utupa, yaani sumu ya mmea. Sumu, timba na kokoro vimepigwa marufuku na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, na leseni ya kuvua unaichukua halmashauri. Mgono sina shida nao, ila uuweke sehemu ya juu ikiwa nje ya maji. Dimbwi la tope halina hewa ya kutosha kwa matamvua, na kambale aliyefungiwa chini asiweze kupanda kupumua anakufa kwa kuzama, yeye samaki. Asubuhi unatoa mzoga uliokwisha kuvimba. Pia ujue ardhioevu ya Usangu na Ihefu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na humo hakuna kuvua. Ulizia mpaka kwa serikali ya kijiji kabla hujafuata dimbwi zuri upande usio wako.

Mtera? Ndiyo, Juni mpaka Agosti nafasi yako ni bora kuliko mtoni kwenu. Bwawa liko kwenye mwinuko wa takriban mita 700, chini kuliko Rujewa, na maji mengi hayapoi upesi kama ya mto. Lakini ni bwawa la umeme: kadiri kiangazi kinavyoendelea kina kinashuka, ukingo unakimbia, na mahali ulipovua mwezi jana panaweza kuwa malisho ya ng'ombe. Vua kwenye vihori, vile vidole vya maji vinavyoingia nchi kavu, na uanzie jioni. Kuna visiki vya miti iliyozama tangu bwawa lilipojazwa, na vinakula ndoano kweli kweli. Tumia risasi nyepesi iliyofungwa kwa uzi dhaifu, ili ikinasa ukate risasi ubaki na mshipi.

Kyela ni joto zaidi, ukingo wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500. Tatizo la miezi hiyo ni upepo wa mwera, unaopiga kutoka kusini na kurundika mawimbi upande wenu huu wa kaskazini. Usiingie ziwani kwa mtumbwi wa kuazima. Kambale kama wa kwenu mtafute kwenye vinamasi na midomo ya mito Mbaka, Lufilyo na Kiwira. Ukipata kampango, huyo ni samaki mwingine kabisa, wa Ziwa Nyasa na mto Shire unaotoka humo, na tofauti na kambale anatengeneza kiota na kukilinda, dume na jike. Jike huendelea kutoa mayai mengine ya kuwalisha watoto wake. Ukimtoa mlinzi, watoto wanaliwa ndani ya muda mfupi. Idadi yake imeshuka vibaya, kwa hiyo ukimwona ametulia juu ya kiota na vitoto vimemzunguka, mpishe.

Kumsafirisha hai ni rahisi, na watu wanakosea kwa kuzidisha maji. Ndoo ya lita 20, maji robo tu, yaliyotoka palepale ulipomvua, samaki watatu au wanne wa wastani. Anahitaji kufika juu kupumua bila kuhangaika, na maji machache hayamrushirushi kwenye bodaboda. Mfunike kwa mfuniko uliotobolewa na kufungwa kwa mpira, maana kambale aliyeachwa wazi anatoka, na kwenye nyasi zenye umande anajisukuma kwa mapezi yake ya kifuani hadi umtafute kwa tochi. Usimlishe siku hiyo. Akitapika ndoo nzima inachafuka, na mteja ataanza kukata bei.